Fomu ya Tutaonana

Alikuja Jumanne, harufu ya mvua ya kwanza bado iko kwenye vumbi la Ipuli,
anasukuma baiskeli yenye upepo tairi moja tu,
na nyuma, juu ya keria, ndani ya tenga la nyanya,
mbwa amekaa kama abiria aliyelipa nauli.

Nikachukua fomu. Ndiyo kazi yangu:
vibanda sita vya matofali ya kuchoma, mbwa kumi na mmoja,
paka siwahesabu, wanajihesabu wenyewe.
Jina la mwenye mnyama? Kashindye Mpuya.
Jina la mnyama?
Akatazama pembeni.
"Tutaonana."

Nikadhani ananiaga.
Kalamu ikabaki hewani.
"Ndilo jina lake," akasema. "Alimpa binti yangu Sozi
asubuhi anapanda treni kwenda chuo.
Hakutaka neno lile libaki stesheni."

Sababu ya kumtoa: fomu ina mistari mitatu,
naye alikuja na ya kujaza daftari.
Ghala la tumbaku limepunguza walinzi.
Chumba kipya kiko Ng'ambo, na mwenye nyumba amesema
mbwa au wewe, mwisho Ijumaa.
Pumba imepanda. Sindano ya kichaa, mwaka wa pili hajachomwa.
"Na ugali wangu mwenyewe, dada, naula kwa kuubembeleza."

Miaka minne nimeandika majibu ya namna hiyo
kwa mwandiko mzuri, nikagonga muhuri, nikafunga komeo.
Kilichopungua ni kiasi gani, sikuwahi kuuliza.
Siku ile, sijui, labda lile jina,
nikaweka kalamu chini:
Pumba anakula kiasi gani?
Akashtuka kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake.
"Debe moja kwa mwezi."

Debe moja.
Nilikuwa nakaribia kugonga muhuri kwa debe moja.

Tukaanza na hilo. Mama Msongela wa mashine ya kusaga, Kachoma,
kila jioni hufagia chenga na pumba zilizomwagika.
"Aje na gunia lake," akasema, "na ufagio wake pia."
Bwana mifugo alikuwa na dozi moja inayokwisha muda Jumamosi;
akaichoma Alhamisi, huku analalamikia mshahara.

Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mfupa.
Bi Tatu Mrisho, mkononi kata, mdomoni neno limeshaiva:
"Mimi mbwa simchukii. Nachukia mavi uani,
na pua yake kwenye kanga ninayoswalia."
Kumbe ni hivyo tu?
Tukapima uani kwa hatua.
Kamba hatua nne, nyuma ya choo, uzio wa matete;
nguo zianikwe upande wa jua linapotoka;
Kashindye afagie uwanja wote kabla ya adhana ya alfajiri.
Akasema, "Wote, na mbele ya mlango wangu."
Tukaandikiana. Akatia dole gumba.

Sitasema tunashinda.
Wiki ileile mtu alibwaga boksi getini
akaondoka kabla sijafungua mdomo.
Ndani paka mweupe, shingoni uzi wa bluu.
Yule hakutaka kuulizwa, au alijua sina jibu.
Paka yuko kibanda cha tano. Usiku analia
kwa sauti ya mtu anayeita jina nisilolijua.

Jumamosi Kashindye alipita na gunia lake, unga hadi kwenye kope.
Hakukaa. Getini akaninyooshea mkono:
"Haya dada, tutaonana."
Mbwa akageuka haraka, masikio juu,
akidhani ni yeye anayeitwa.

Ile fomu nimeikunja mara nne,
nikaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.
Meza sasa imetulia.
Kwenye ukurasa mpya wa daftari nimeandika neno moja, Pumba,
na chini yake majina matatu.

Kuna mtu anabisha hodi.
Ana mbuzi.
Mbuzi!
Haya, karibu. Keti. Kimepungua nini?