Daftari la Deni, Ukurasa wa Nyuma

Tumekubaliana: Stambuli, siku sita,
kabla nauli haijapanda tena.
Nimeliandika nyuma ya daftari la duka,
mgongoni mwa ukurasa ambapo Bi Khuleta
bado anadaiwa kilo mbili za sukari.

Kwanza, pasi za watoto.
Badi, miaka mitatu na nusu. Swafiya, miezi kumi na tisa.
Mpiga picha wa Langoni alitaka macho wazi,
masikio yaonekane, mdomo ufungwe.
Nani amewahi kuuona mdomo wa Swafiya umefungwa?
Tulipiga mara kumi na moja. Katika ile iliyopita
mkono wangu uko nyuma yake, chini ya shuka nyeupe,
naye anaitazama serikali
kama mtu anayengoja chenji yake.

Kisha kigari.
Binamu yake Twalib alikituma kutoka Mombasa:
magurudumu manne, kivuli cha jua, pahali pa chupa.
Twalib akasema tukifanyie mazoezi.
Mazoezi wapi, baba Badi? Kichochoro chetu cha Mkomani
upana wake ni punda mmoja na heshima ya mpita njia.
Hatukufika msikitini.
Punda wa saruji alikuja kwa mbele,
nyuma yetu ngazi tatu,
na kijana wake akatuuliza kwa adabu
nani arudi kinyumenyume, sisi au mifuko sita.
Tulirudi.
Sasa kigari kiko dakani, na paka amezalia ndani yake.

"Stambuli kuna paka?" Badi aliuliza.
Wako, nikamwambia, wanalala juu ya viti vya mikahawa
na hakuna anayewafukuza.
"Na punda?"
Hapo nikanyamaza.

Jioni tunacheza ndege kiwandani.
Viti vinne vya plastiki, mikanda ni kanga zangu,
Twalib rubani, mimi mgawa juisi.
Tutakuwa angani saa saba. Badi aliweza dakika nne,
akafungua fundo, akatangaza kwamba amefika,
akaenda jikoni kuangalia
kama watu wa Stambuli wana mkate wa mofa.

Mama mkwe anachambua mchele, kichwa hainui.
"Nti ya watu, na wana wadogo. Mui huo una mai?"
Una mai, mama, pande zote mbili, na daraja juu yake.
"Na hapa je, mai hapana?"

Orodha ya Twalib ilikuwa na mahali ishirini na mbili.
Nimefuta majumba ya wafalme, nimefuta visiwa,
nimefuta mnara wenye foleni.
Pamebaki pahali pamoja asubuhi, bembea moja alasiri,
na katikati usingizi,
wao wakilala, sisi tukitazamana
katika chumba tulichokilipia kwa miaka miwili ya akiba.

Maana kwetu watu husafiri kwa sababu.
Hija. Hospitali. Msiba.
Bi Khuleta alipopata habari alikuja mbio, buibui upande:
"Nani mgonjwa?"
Hakuna, Bi Khuleta.
"Basi mwenda kufanya nini?"
Kutembea.
Alinitazama muda mrefu. Akampapasa Swafiya paji la uso,
akamsomea, akampulizia,
na kesho yake akanilipa sukari yote,
noti zimekunjwa dogo dogo,
akazitia mkononi mwangu na kuufumba:
"Ya dawa. Hata kama hamtaki kusema."

Nimelifuta deni lake.
Nimegeuza daftari, nimeongeza mstari:
soksi za Swafiya, jozi sita.
Huko ni baridi, na tangu azaliwe
hajavaa soksi hata siku moja.
Leo tumejaribu mguu wa kushoto.
Ameutazama, amelia, kisha amempelekea paka.