Mshono

Simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri.
"Fundi, gurudumu limetuacha."
Limewaacha! Utadhani lilikuwa na mahali pa kwenda.

Nikabeba jeki, nyundo, kopo la grisi,
beringi mbili nilizozifunga ndani ya soksi,
nikashuka Kunduchi kwa bajaji ya Mkwizu,
jenereta imekaa kiti cha nyuma kama abiria.

Pale mteremkoni zege limeota ndevu za mwani.
Tela limelalia ubavu wa kushoto,
ekseli imechoma chini kama mkongojo,
na juu yake boti ya futi ishirini na tatu, nyeupe,
pua imeielekeza mbinguni,
ubavuni imeandikwa TARATIBU.

Bwana Rwegasira, suruali kaikunja hadi magotini,
anamlaumu dereva.
Dereva, kijana Osmundi, analaumu matuta.
Mlinzi hana wa chini yake wa kumlaumu,
analaumu bamvua. Maji yanajaa.
Nyuma boti tatu zimepanga foleni. Honi.

Nikalishika gurudumu la kulia, lile lililobaki.
Kitovu chake bado cha moto.
"Mmetoka Goba bila kupumzisha?"
Bila.
"Mkaingiza majini moja kwa moja?"
Moja kwa moja.
Nikawaambia: chuma cha moto ukikizamisha ghafla
huvuta pumzi, na pumzi ya huku ni chumvi.
Leo hakisemi. Wiki ijayo hakisemi.
Kinatafuna beringi kimyakimya,
mchwa ndani ya fremu ya mlango.
Ngojeni robo saa, kunyweni chai kwanza.
Osmundi akatazama saa ya bosi wake.

Tukatia jeki, ikazama matopeni.
Tukatia ubao, ukapasuka.
Mama Tausi wa vitumbua akanyanyuka,
akatupa kigoda chake cha mninga.
Kigoda kikashika.

Nikajilaza chali chini ya tela, tochi menoni.
Ndipo nikaona kwamba si gurudumu tu.
Bomba la katikati lina ufa, mwembamba kama unywele,
unafuata ukingo wa mshono,
na mshono ule ninaujua:
magamba ya samaki yaliyolalia kulia,
na mwishoni yanakimbia, yana haraka.
Ni mwandiko wangu.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya Idi,
umeme unakatika na kurudi,
mwanangu anadai kanzu,
rodi za kuchomelea zimekula unyevu.
Nilijua.
Nikapaka rangi ya fedha juu.

Maji yalinifika masikioni.
"Fundi, unaona nini huko?"
Tochi ilikuwa mdomoni.
Kisingizio kizuri, tochi.

Kabla sijaitoa, wimbi likatuamulia.
TARATIBU ikatikisika, ikajinyanyua,
ikateleza nyuma kama mgeni anayeaga kwa adabu,
ikaelea.
Watu wakapiga vigelegele. Osmundi akairukia kamba.
Tela jepesi tukalikokota hadi pakavu, sisi na foleni nzima,
hata wa honi walishuka kusukuma.

Nikauchimba mshono wote kwa grenda, usibaki hata gamba.
Rodi nilizikausha kwenye jiko la Mama Tausi,
kando ya vitumbua.
Nikatia bamba pande zote mbili,
nikachomelea polepole, nikaacha ipoe, nikarudia.
Rangi sikupaka.

"Kiasi gani?"
"Beringi elfu arobaini. Bajaji elfu nane.
Kigoda cha mama, utamaliza naye mwenyewe."
"Na kuchomelea?"
"Kuchomelea kulishalipwa."

Hakuelewa. Akadhani ni ukarimu,
akanisifu mbele ya wale wa foleni.
Sasa wananiletea tela kutoka Mbweni, kutoka Ununio.
Wakifika, kabla ya salamu
naingia chini na tochi,
natafuta mwandiko.