Hatua Nne kwa Tatu

Baba alipogawa kihamba
kaka zangu watatu walipata, kila mmoja,
migomba ya kuhesabika na mfereji wa kugombea.
Mimi nilipata cherehani ya mama
na baraka.
Cherehani niliiuza. Usiniulize nilinunua nini.

Hata hivyo kihamba si mahali pa risasi.
Ukikosa shabaha unampata ng'ombe wa Ndesario,
ukimkosa ng'ombe, kaburi la bibi.

Kwa hiyo mazoezi yangu ni hapa Pasua,
chumba cha hatua nne kwa tatu,
kitanda nimekisimamisha ukutani
kama mgonjwa anayepimwa urefu.
Saa nne usiku. Nafunga mlango, navuta pazia.
Risasi zimo kwenye kasha la chuma,
ufunguo wake uko shingoni pamoja na rozari.
Nachomoa magazini. Navuta nyuma. Natazama.
Natia ncha ya kidole ndani ya chemba: tupu.
Natazama tena,
kama mtu aliyekwishazima jiko
na bado anarudi kutoka getini.

Ukutani nimebandika watu wa boksi,
boksi la sabuni ya mche, hawana macho,
wadogo kama kiganja, ili hatua zangu nne
zijifanye mita kumi na tano.
Mmoja nimempaka wino mwekundu:
huyu hapigwi. Ukimgusa unakatwa alama.

Simu inalia pii.
Mkono unashuka, unakamata, unapanda,
wa pili unaupokea kifuani,
kilengeo cha mbele kinasimama wima
na
tik.

Tik tu.
Mjusi wa darini ana sauti kubwa zaidi.

Sekunde moja na nukta tisa. Rudia.
Juu ya bastola nalaza sarafu ya mia mbili;
ikianguka, ujue kidole kimevuta kwa hasira.
Jumatatu ilianguka mara kumi na moja:
mkaguzi alikuwa amekuja chama chetu cha kahawa
na magunia arobaini yalionekana vitabuni,
ghalani hayakuonekana.
Jumatano, mara mbili.

Mtoto wa chumba cha pili, Aikande, miaka saba,
aliniuliza bombani:
Shangazi, usiku huwa unabana karatasi?
Nikasema ndiyo. Hesabu za ushirika hazina mwisho.
Akasema: jana umebana mia moja na nne,
halafu nikasinzia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi klabu yetu
huazima machimbo ya kokoto yaliyokufa, tambarare za Sanya.
Mwenyewe anataka ayakute safi,
kwa hiyo jioni huinama wote, daktari wa meno,
fundi wa majenereta, Kimambo wa posta aliyestaafu,
wakiokota maganda ya shaba kwenye vumbi
kama watu waliomwaga kunde za mwenye nyumba.
Wenye mashamba ya ngano kule Ngarenairobi
hufyatua mia tatu kabla ya chai.
Mimi nina thelathini.
Kila moja ni mkate ambao sikuula.

Risasi ya kwanza ilinishtua
kama jina langu kutajwa kanisani kwenye matangazo.
Nilikuwa nimeizoea tik.
Nikakosa, boksi zima, mita saba.
Nyuma yangu mtu akakohoa kicheko.

Nikaiona sarafu ambayo haikuwapo.
Nikailaza mahali pake.
Iliyobaki siikumbuki vizuri, ila mkono
ulikuwa unakijua chumba, na chumba
kilikuwa kimekuja nao.

Nilikuwa wa tisa kati ya kumi na wanne.
Mwenye shamba mmoja alikuwa wa kumi
akataka kujua ninafanyia wapi mazoezi.
Nikamwambia: kwangu.
Ekari ngapi?
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Usiku ule nilishusha kitanda mapema,
bega likinuka baruti, nikalala bila kugusa kitu.

Asubuhi Aikande alikuwa bombani kabla yangu,
ndoo imekwishajaa, inamwagika, haondoki.
Shangazi, akasema, jana hukubana.
Nilikaa macho nasubiri kuhesabu.