Ukoka wa Khoudh

Shafiqul aliondoka Jumatano, likizo ya miezi miwili.
Aliniachia ufunguo wa stoo, reki yenye meno pungufu
na maneno matatu ya Kiarabu chake cha kuungaunga:
Usimwagie. Usikanyage. Ngoja.

Ijumaa ikanyesha.

Si ile mvua ya salamu,
inayochafua kioo cha gari ikaenda zake.
Hii ilishuka kutoka milimani, nyeusi, siku mbili.
Wadi iliunguruma usiku kucha kama lori lililokosa gia,
skuli zikafungwa,
na saa kumi na moja alfajiri, katikati ya gharika,
vinyunyizio vikaamka.
Vyote vinane, wima,
vikaanza kumwagilia mvua.

Nilitoka na mwavuli, sweta juu ya kanga,
kutafuta kitufe anachokijua Shafiqul peke yake.
Sikukiona.
Nikavivisha mifuko ya dukani, kimoja kimoja,
nikavifunga shingo kwa mipira ya nywele
aliyoisahau binti yangu bafuni.
Vikabaki vinatweta ndani ya nailoni.

Wete nilikozaliwa, ukoka haukuulizwa hali.
Uliota mlangoni, makaburini, kwenye ufa wa baraza.
Baba alimlipa mtu aufyeke,
mbuzi wakamalizia bure,
na masika ikipiga, asubuhi umerudi,
haukumbuki kitu.

Huu nimeununua.
Uliletwa na lori kutoka Barka,
umekunjwa kama majamvi ya msikiti,
kwa mita, na risiti.
Mama angesikia nimetoa riyali kwa ukoka
angeniwekea mkono utosini, anisomee.

Sasa baridi imeuingia. Umekuwa rangi ya chai ya maziwa
iliyosahaulika kikombeni.
Bi Thuwayba alichungulia juu ya ukuta:
"Umekufa huo. Ung'oe, utandike wa plastiki kama wangu."
Wake ulikuwa kijani kibichi, kweli,
na pembe moja imenyanyuka,
unaelea.

Sikumjibu. Nilichutama ukingoni
nikafukua kwa kidole.
Chini ya ile manjano palikuwa na mzizi mweupe,
mgumu kama uzi wa kushonea viatu,
umeuma udongo haukubali kuachia.
Nikaufunika upesi,
kama mtu aliyefungua mlango wa chumba
akakuta mna mgeni amelala.

Jumatatu jua lilitoka, jua la Januari,
linalong'aa bila kuchoma.
Nikalaza mlango wa zamani wa stoo juu ya tope,
nikapiga magoti juu yake,
nikatoboa ardhi kwa uma wa jikoni
ili maji yapate njia ya kushukia.
Toboa, sogea, vuta mlango, toboa.
Kunazi zilikuwa zimepukutika kila mahali,
nikaziokota moja moja, nyingine nikala.
Goti la kushoto lilisema lake. Nikaliacha liseme.

Muhannad alikaa kizingitini, mpira mapajani.
"Bibi, lini?"
"Ukikauka."
"Utakauka lini?"
"Ngoja," nikamwambia,
na sauti haikuwa yangu.

Hakungoja. Nilipoingia kusali Adhuhuri
alikimbia kutoka ukuta mpaka ukuta.
Alama za miguu kumi na tisa, nimezihesabu,
kila moja ina vidole vyote na maji kidogo.
Nilikuwa na maneno makali tayari.
Nikamwosha miguu kwa maji ya moto, tukanyamaza wote wawili.

Usiku Shafiqul alipiga simu kutoka kwao Komila.
Nilisikia kuku, na mtoto akimvuta simu.
"Mama, majani vipi?"
"Yamelala."
"Na wewe lala, Mama."
Laini ikakatika kabla sijamuuliza kitufe kiko wapi.

Alfajiri, saa kumi na moja, bado giza,
niliisikia mifuko minane
ikijaa pumzi.