Chupa ya Rafu ya Chini

Dundee, saa nne kasoro dakika tisa usiku,
na ikigonga saa nne sheria inalishushia duka pazia.
Nimetoka kufua mashuka ya hospitali,
mikono inanuka sabuni na mvuke,
nami nachuchumaa, kwa sababu chupa yangu
haijawahi kuwekwa usawa wa macho ya mtu.

Juu kule wamepangwa wenye vyeo,
miaka kumi na minane, miaka ishirini na mitano,
kila mmoja ndani ya sanduku lake la mbao
kama bwana harusi aliyekatazwa kucheza.
Huku chini, jirani na ndoo za plastiki,
yuko wangu: pauni kumi na nane na senti ishirini.
Chini ya hapo serikali ya Uskoti haikubali.
Kwenye lebo kuna kulungu,
kachorwa na mtu asiyewahi kumwona kulungu.

Nilimpata kwa kukosea kosea.
Baridi yangu ya kwanza nilifuata bei, nikala adhabu:
mmoja alionja kama betri,
mmoja kama dawa ya mbuzi,
mmoja nilimgawia Zbyszek wa ghorofa ya pili,
akasafishia mnyororo wa baiskeli.
Rahisi ni ghali, nikajisemea.
Wa nne akanikanusha.

Usiniulize vanila. Usiniulize mwaloni.
Mimi nasikia dawati jipya la darasa la tatu,
sukari iliyoungulia sufuriani,
na kwa mbali, ukiwa na subira,
ndizi mbivu ndani ya mtumbwi wa baba,
asubuhi ya kukamua lubisi, nyasi zikielea juu.
Bukoba haimo humu, najua.
Pua ndiyo haijui.

Ijumaa mlango wangu hausukumwi mara mbili.
Anaingia Senga na biskuti zake za shayiri.
Senga ni Agnes aliyesomwa kutoka nyuma;
mama yake, anasema, alichoka kufuata mstari.
Anaingia Wullie, dereva mstaafu wa basi,
na hadithi ileile, na kiti chake mwenyewe.
Glasi ni tatu, atakayezidi anywee kikombe cha mswaki.
Mimi natia maji kijiko kimoja.
Wullie anamwaga soda ya tangawizi mpaka ukingoni
na hakuna anayemsuta:
pauni kumi na nane hazina madhehebu.

Kwenye lebo nachora mstari wa penseli.
Tukifika hapo, naweka birika la chai.
Mjomba wangu hakuwa na penseli.
Alikunywa migomba, akanywa shamba,
akaanza kulinywa jina la ukoo.

Februari Senga alileta ile ya marehemu Tam,
iliyokaa kabatini miaka kumi na mmoja
ikingoja siku ya kuistahili.
"Siku yenyewe haiji," akasema, "na mimi goti hili."
Tukaifungua kama barua ya mahakama.
Ilikuwa nzuri, sikatai,
ya moshi, ndefu, yenye adabu,
hata tukajikuta tumekaa wima kama tuko kwa askofu.
Senga alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta.
Hakuna aliyeomba ya pili.
Kisha Wullie akakohoa, akachungulia chini ya meza:
"Na yule kulungu yuko wapi?"

Alikuwepo. Nilimficha nyuma ya mfuko wa viazi,
nikimwonea aibu mbele ya mgeni.

Akiisha simtupi.
Jumapili namsuuza kwa maji ya moto,
namnyunyizia unga,
anasukuma chapati mezani, duara zisizolingana,
nne zangu, tatu za Zbyszek,
zilizobaki nazifunga kwa taulo, navuka barabara.
Senga anaapa zina ladha ya wiski.
Hazina.
Ila simkatalii.