Mvuta Pazia

Vijana wawili wamenijia kutoka Kampala
na kinasa sauti kidogo kama kiberiti.
Wanaandika maisha ya Yokosani Tenywa:
alianzaje kutunga, nani alimfundisha, kwa nini aliacha.
Nikawaambia, wanangu, mimi nilivuta pazia.
Miaka kumi na minne, ukumbi wa manispaa, Jinja,
na igizo lake sijaliona hata moja kwa mbele.

Niulizeni visigino.
Logose alikuwa na ufa kisigino cha kushoto,
akiupaka mafuta ya mgando kabla ya kuingia;
alipoikaribia noti ya juu kisigino kiliinuka
kama kifuniko cha sufuria.
Niulizeni migongo. Jasho la mfalme
lilichora Ziwa Kyoga kwenye shati, kila usiku, palepale.

Mchana Tenywa alikuwa karani wa mizani kiwandani.
Upande huu wa karatasi, kilo za pamba;
upande ule do, re, mi kwa herufi za sisimizi,
nukta mbili, kistari, nukta mbili.
Piano hatukuwa nayo. Tuliazima kinanda cha kanisa
ambacho fa yake ilikuwa imekufa,
naye akatunga miaka yote hiyo bila kuigusa fa.
Watu wakasema, bwana huyu ana mtindo wake.
Mtindo! Panya alikula ngozi ya ufunguo mmoja.

Maneno aliyaandika mwenyewe:
Kisoga kwa mapenzi,
Kiganda kwa matusi ya heshima,
na Kiswahili kila mwenye bunduki alipoingia jukwaani.
Mimi mtoto wa reli, Kiswahili ndicho cha kwetu,
nilicheka peke yangu gizani, kamba mkononi.

Sasa wanauliza habari za usiku ule.
Igizo la tano. Afande mmoja safu ya mbele,
miguu imenyooshwa. Umeme ukakatika,
hapa, jamani, Jinja,
ambapo mto unasagwa usiku kucha wengine wawashe taa.
Tenywa hakusema kitu. Aligonga kijiti mara tatu
na kwaya ikaendelea, kipofu, bila kukosea.
Ilibaki beti moja. Pazia likashuka.

Mji mzima ulisema nilimwokoa.
Kwamba beti ile ilikuwa na jina la mtu,
kwamba nililinusa kaburi nikawahi kulifunika.
Nimenunuliwa pombe kwa ajili ya beti ile.
Mwaka mzima Tenywa hakunisalimia.
Alitunga mengine manne: mawili yakaliwa na mchwa,
moja mkewe aliwashia jiko mwaka wa sukari ya magendo,
la nne linaishia katikati ya neno.

Zimeni hicho kidude.

Viganja vilinitoka jasho, kamba ikateleza.
Basi. Kama ulikuwepo ujasiri, ulikuwa wa kamba.
Na beti yenyewe haikuwa na siasa hata chembe:
mama anahesabu kuku wake jioni,
anapungukiwa mmoja,
anaacha mlango wazi.
Kinanda kilitakiwa kinyamaze,
na mwishoni kabisa, juu ya neno wazi,
Logose aimbe fa.
Ile moja. Aliyoiweka akiba miaka tisa
kama mtu anavyoweka kanga la kuzikiwa mama yake.

Aliiimba. Ndiyo, aliiimba.
Pazia limeshashuka, giza, makofi kule nje kama mvua ya mabati,
naye amesimama shubiri mbili kutoka kwenye kitambaa,
kitambaa cha kiwanda chenye kasoro, mistari imepinda,
anaimbia nguo.
Sikuona uso.
Niliwasha kiberiti kutafuta fundo la kamba
nikaona kisigino kimeinuka,
ufa unang'aa mafuta,
na hakikushuka mpaka kijiti kiliponiunguza vidole.