Bati la Kumi na Moja

Upepo haukubisha hodi Cimpunda.
Ulikuja saa nane ya usiku, mvua mgongoni
kama mama anayekimbia na mtoto,
ukashika paa kwenye pembe, ukalikunjua
namna mtu anavyofungua kopo la sardini.
Mimi na Mwinja tulibaki tunatazama juu,
na juu hapakuwa na kitu, giza tu lenye maji.

Halafu kilima kikaongea.
Sijui kusema vingine. Kiliongea kwa tumbo,
na nyumba saba za mbao, za kule chini,
zikateremka kuelekea mto Kawa
zikiwa bado zimefunga milango.

Asubuhi chefu wa avenyu alipita na daftari.
Wafu huku, waliopotea huku, vyombo huku.
Akaniuliza: Umepoteza nini?
Nikasema: mabati kumi na moja.
Niliona haya kutaja bati mbele ya Nsimire
aliyekuwa anachimba kwa sahani.

Simu ya mwanawe, Zihindula, ililia chini ya tope
mpaka Jumatano.
Vijana wanachimba, mimi napiga, mtu anasema kimya! kimya!
Sauti inatoka kushoto, kisha inatoka kila mahali.
Jumatano jioni betri ilikata roho.
Sijalifuta jina lake. Liko kati ya Zawadi
na Zuhura muuza makala.

Nikueleze kuhusu hilo bati.
Kumi ya kwanza alinunua marehemu baba Mwinja.
La kumi na moja nililinunua mimi, zamu yangu ya likelemba,
miezi tisa ya sambaza, jua na inzi,
na Mwinja akalichora ua la buluu
kwa rangi iliyobaki kwenye mlango wa jirani.
Ua bila shina. Alikuwa na miaka mitano.

Wiki ya tatu nikaliona.
Ng'ambo ya korongo, juu ya kibanda cha miti na udongo,
ua la buluu, linatazama mbinguni bila aibu.

Nilichukua nyundo. Sikwenda kusalimia.
Nilishuka korongo nikipanga maneno,
nikapanda nikiyapanga upya:
haki ya mtu haipotei, na kadhalika.

Mlangoni hapakuwa na mlango.
Ndani, mzee Murhula na wajukuu wanne,
na binti yake ananyonyesha, miguu ndani ya maji.
Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba.
Bati langu lilivuja palepale linapovujaga.

Mzee akaona nyundo. Akaona macho yangu yalipo.
"Tulilikuta kwenye migomba," akasema. "Halikuwa na mwenyewe."
Nikafungua kinywa. Kilichotoka sikuwa nimekipanga:
"Sogeza mtoto. Tundu la tatu kutoka ukingoni
ndilo linaloleta maji. Weka sufuria hapa.
La nne linadanganya, linatoa jasho tu."

Akaniangalia sana. Hakuuliza nimejuaje.
Alinisogezea kigoda na chai ya tangawizi isiyo na sukari.
Nikapigilia misumari miwili mahali palipolegea,
nikarudi nyumbani, yaani mahali nilipokuwa na nyumba,
hasira bado iko kifuani.

Usiniite mwema. Kuna usiku nalitaka lile bati
mpaka meno yananiuma.
Mwinja analala chini ya turubai yenye jina la shirika,
na turubai haina tundu hata moja ninalolijua.

Jumamosi kuna salongo. Tutabeba mawe,
tutapanda mianzi kwenye kidonda cha kilima,
na Nsimire atakuja, maana haachi kuja,
na sahani yake ileile.

Mvua ikinyesha usiku nategaga sikio ng'ambo.
Katika mabati yote ya Cimpunda
nalisikia moja.
Nahesabu matone mpaka sufuria ijae,
halafu nasubiri mtu aamke
aimwage.